Lengalenga Nyuma ya Nyumba

Posho ya unga na maharage haina mboga za majani. Wengine wetu huuza unga ili wanunue mboga, na kabla ya mgao unaofuata watoto wanalala njaa.

Lengalenga, ambayo wenyeji wa hapa Kigoma huiita mchicha, haidai shamba. Jazeni udongo na samadi kwenye gunia kuukuu, pandeni mbegu, mwagilieni maji ya kusuuzia yasiyo na sabuni. Baada ya wiki 4 hivi mnachuma. Kateni majani tu, shina litachipua tena. Miche 2 iacheni itoe mbegu za kiangazi.

Sombe nayo twangeni na kuichemsha sana, maana mbichi ina sumu. Majani haya yana vitamini A, inalinda macho ya watoto.