Gari la familia: hesabu mikanda kabla ya viti

Familia yenye watoto watatu wadogo inapoingia yadi kutafuta gari lililotumika, swali la kwanza huwa bei, la pili ulaji wa mafuta. Suala la mikanda mara nyingi hukumbukwa gari likishafika nyumbani.

Toyota IST, kwa mfano, ni gari la watu watano. Lakini viti viwili maalumu vya watoto vikishafungwa nyuma, nafasi ya katikati hubaki finyu na mtoto wa tatu huishia kupakatwa. Hapo ndipo penye hatari: gari likigonga, mikono ya mzazi haina nguvu ya kumzuia mtoto asirushwe.

Toyota Wish na Noah zina safu tatu za viti. Milango ya nyuma ya Noah huteleza, hivyo ni rahisi kumfunga mtoto hata mahali pa kuegesha pakiwa pamebana. Kwa Wish, angalia buti: viti vya mwisho vikifunguliwa, nafasi ya mizigo hubaki ndogo.

Siku ya kukagua, nenda na watoto na viti vyao. Vuta kila mkanda: ukiuvuta kwa ghafla ukamate, ukiuachia urudi wenyewe. Jaribu loki za watoto milangoni. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye eabegi inayofanya kazi.

Ikiwa watoto ni watatu na mikanda inayowatosha ni miwili, gari hilo ni dogo, hata bei iwe nzuri kiasi gani.