Pesa imekatwa, namba za LUKU hazijaja: tuangalie diski

Swali hili hutufikia kutoka Mbagala, Chamazi mpaka Bunju: simu ina mtandao mzuri, pesa imekatwa, namba za LUKU hazionekani. Kosa liko wapi? Mara nyingi mnara hauna kosa. Tutazame nyuma yake, kwenye vyumba vya kompyuta zinazotunza hesabu.

Hesabu hizo hukaa kwenye diski. Katika kompyuta kubwa ziitwazo meinifremu, zinazotumiwa sana na mabenki makubwa duniani, diski moja huweza kutumiwa na kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja. Ni kama daftari moja la duka lenye wauzaji watatu. Muuzaji mmoja akiugua, wengine wanaendelea kuuza.

Lakini kila kompyuta ina taarifa yake kama diski iko hewani au imeondolewa. Fundi akiiondoa kwenye kompyuta ya kwanza, ya pili haina habari, inaendelea kuandika. Kwa hiyo amri ya kuondoa lazima ifike kwa kompyuta zote, na zipo programu maalumu za kazi hiyo. Hata hivyo diski haiondoki papo hapo. Kama kuna kazi inayoitumia, huwekwa katika hali ya kusubiri mpaka kazi hiyo imalize. Fundi mwenye haraka ndiye hatari hapa.

Halafu kuna kufuli. Kompyuta inayoandika huifunga diski ili mwenzake asiandike juu ya maandishi yake. Ikikwama bila kuachia kufuli, wote wanapanga foleni nyuma yake. Wewe huku unaona tu "tafadhali subiri".

Hatusemi LUKU inaendeshwa na meinifremu. Ila kanuni ya foleni na kufuli ipo kwenye mifumo mingi inayotunza hesabu za watu wengi. Na mfumo ukigoma, si jambo dogo: Mei 2021 wateja wengi nchini walihangaika kwa siku kadhaa bila kuweza kununua umeme. Enzi za kompyuta ya kwanza ya serikali, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikigoma mwananchi wa kawaida hakujua. Leo anakaa gizani.

Kwa hiyo muamala ukikwama, usilipe tena hapo hapo. Ombi lako huenda limeshaandikwa na linasubiri zamu. Ukirudia, unaweza kukatwa mara mbili. Angalia salio kwanza. Usifute ujumbe wenye kumbukumbu namba ya malipo, maana ndiyo watakayokuuliza huduma kwa wateja ukifuatilia zile tarakimu 20. Akikupigia mtu anayejiita fundi wa mfumo na kutaka namba yako ya siri, kata simu. Fundi wa diski haihitaji.