Deni Lililofichwa na Afya ya Nyumba

Mwenyeji wa Arusha hahitaji kuambiwa kuwa mji huu hula kwa mkono wa mgeni. Mgeni akija kwenda Serengeti au kupanda Mlima Meru, dereva hupata, mpishi hupata, mchukuzi hupata, na muuza mboga wa soko la Kilombero naye hupata. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya Korona, mlango huo ulifungwa. Watalii walioingia Tanzania mwaka 2019 walizidi 1,500,000. Mwaka uliofuata hawakufika 700,000. Nyumba nyingi zikakaa bila ya mshahara.

Nasi walimu wa madrasa hatukusalimika, kwani ada ya mtoto hutoka katika mfuko wa mzee wake. Tulikopa dukani, tukakopa na kwa rafiki, wala mama watoto hatukumwambia. Tulidhani kumficha ndiko kumhifadhi. Usiku hatukulala, mchana tulikuwa wakali kwa neno dogo. Siku moja kichwa kikatuuma hata tukashindwa kusomesha, na hospitalini tukaambiwa presha imepanda.

Jioni ile mama watoto hakutulaumu. Alichukua daftari la mtoto, akasema, "Baba, nitajie madeni yote, hata lile dogo." Tukayataja, na haya imetujaa. Alipokwisha kuandika akasema, "Kumbe ni haya tu? Mimi nilidhani una jambo baya zaidi." Asubuhi tulikwenda pamoja kwa mwenye duka, tukapatana kulipa kidogo kidogo, naye akaanza kupika vitumbua vya kuuza. Usiku ule deni halikupungua hata shilingi moja, lakini tulilala.

Wataalamu wameeleza kwa nini huwa hivyo. Mwili wa mwenye khofu humwaga katika damu vichocheo kama adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio na mishipa hubana. Hayo yamfaa mtu anayemkimbia nyoka. Ama deni halikimbiliki, na hali hiyo ikidumu miezi, usingizi hupotea, presha hupanda, na kinga ya mwili hudhoofika.

Huko Marekani, mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walitoa khabari za jozi 42 za wake na waume waliokubali kutiwa vidonda vidogo mkononi. Wale waliozoea kutupiana maneno ya uadui, vidonda vyao vilichelewa kupona. Mwaka 2006, James Coan na wenzake walionyesha kuwa mke anayengojea kushtuliwa kwa umeme, akishikwa mkono na mumewe, khofu hupungua katika ubongo wake; na ndoa ikiwa njema zaidi, hutulia zaidi.

Nasi Waislamu tunayo mifano iliyotangulia. Mtume (S.A.W.) alipotoka katika pango la Hira akitetemeka, alifunikwa nguo mpaka khofu ikamwondoka, na Bibi Khadija (R.A.) akamliwaza. Na Makureshi walipowasusia Bani Hashim, wasiuziane nao wala kuoana nao, mama huyo aliyezoea utajiri alistahimili dhiki pamoja na mumewe.

Basi ewe mume, usimfiche mkeo deni. Nawe mke, usilipokee kwa shutuma. Na akiwa mke ndiye mwenye deni, hukumu ni hiyo hiyo. Hatusemi kuwa mtu avumilie kupigwa au kudhalilishwa, kwani hiyo si huruma. Wala hatusemi kuwa neno jema ni badala ya dawa: hata leo twameza vidonge vyetu kila asubuhi, na mama watoto ndiye atukumbushaye.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, khasa siku ambazo mfuko ni mtupu. Amin.