Lori la Kuchezea Lisitupwe: Namna ya Kulitengeneza kwa Salama

Majumba mengi yana malori madogo ya chuma yaliyobambuka rangi, ambayo baba aliyachezea utotoni na leo mwanawe anayatamani. Kuyatupa ni israfu, na kuyatengeneza ni kazi njema ya likizo kwa mzazi na mtoto. Hata hivyo, mzazi atahadhari, kwani hatari yaweza kuwamo katika rangi yenyewe.

Vigari hivi huundwa kwa zinki iliyoyeyushwa ikamiminwa katika kalibu. Vya Matchbox vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1953, na vya Hot Wheels Marekani mwaka 1968. Rangi za zama hizo zaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Basi rangi kuukuu isipigwe msasa mkavu ukatoa vumbi. Kazi ya kuibandua ni ya mtu mzima, nje ya nyumba, kwa glavu. Watoto na mama mjamzito wakae mbali.

Tuchukue mfano wa lori la Kamaz la rangi ya samawati, kielelezo cha yale ya Tatarstan, Urusi, ambayo Firdaus Kabirov aliyashindia mbio za Dakar mwaka 2005 na 2009. Tangu 2020 mbio hizo hufanyika Saudia.

Kwanza, toboa ribiti za chini kwa keekee, utenganishe bodi, vioo na magurudumu. Plastiki iweke kando, kwa kuwa asetoni huiyeyusha. Bandua rangi kwa dawa yake. Usitumie magadi makali ya kuzibulia mabomba, kwani huila zinki. Chuma kikionyesha nyufa zinazoenea chenyewe, kimeoza kwa ndani na hakitengenezeki.

Osha kwa sabuni, kausha, kisha pulizia rangi ya msingi. Hapo ndipo mtoto ashirikishwe: kuchagua rangi mpya isiyo na risasi, na kuchora nambari ya mashindano kwa brashi ndogo. Tabaka nyembamba mbili au tatu hushinda moja nzito inayochuruzika. Acha likauke siku nzima kabla ya kuliunganisha.

Mwisho, akina mama, kagueni mikono na kucha kabla ya udhu. Rangi iliyoganda huzuia maji yasifike kwenye ngozi, nayo yapasa kuondolewa kwanza.