Kompyuta Inapoita Kompyuta: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Tuchukue mfano wa ghala la dawa la hospitali linaloweka hesabu zake katika kompyuta. Ghala kuu linalolipatia dawa nalo lina kompyuta yake, na programu inayotumika huko ilitungwa na watu wengine kwa kusudi jingine. Kompyuta ya hospitali huitambua dawa kwa namba yenye tarakimu 4. Ile ya ghala kuu huitambua dawa hiyo hiyo kwa namba yenye nafasi 18. Ya kwanza huandika tarehe kwa kuanza na siku, ya pili kwa kuanza na mwaka. Hata hivyo mganga hutazamia kwamba oda iliyotumwa asubuhi itafahamika upande wa pili bila karani yeyote kuinakili upya.

Ili jambo hilo liwezekane, kati ya kompyuta hizo mbili huwekwa programu ya tatu, ambayo kazi yake yafanana na ya mkalimani. Huupokea ujumbe wa upande mmoja, hulinganisha kila kipengele chake na kipengele kinachokubaliana nacho upande wa pili, kisha huutoa katika umbo jipya. Kazi hiyo ndiyo ulinganishi wa ujumbe. Mara nyingine mkalimani hukutana na jambo asilolijua, kwa mfano namba ambayo ghala kuu limeipa dawa fulani. Hapo husimamisha kazi yake, akaiuliza kompyuta ya ghala kuu, akasubiri jibu. Amri ya namna hiyo, ambayo kwayo programu moja huagiza tendo lililomo katika kompyuta nyingine, huitwa wito wa mbali.

Wito huo huweza kwenda kombo kwa njia nyingi. Baadhi ya hitilafu hujitangaza zenyewe. Nyingine hukaa kimya, nazo ndizo zenye madhara makubwa.

Asili ya wito wa mbali

Wazo hili si geni. Mwaka 1976 mtaalamu James White wa Marekani alipendekeza kwamba kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao ziagizane kazi kwa utaratibu ule ule ambao programu hutumia kuagiza sehemu zake za ndani. Mwaka 1981 Bruce Nelson aliandika tasnifu ya udaktari juu ya jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1984 yeye na Andrew Birrell, wakiwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, walitangaza maelezo kamili ya mtambo waliouunda.

Shabaha yao ilikuwa kumpunguzia mtunga programu mzigo, ili aite tendo la mbali kama aitavyo la karibu. Lakini walikiri wazi tofauti moja. Jibu likirudi, mwitaji ana hakika kuwa tendo limefanyika mara moja tu. Jibu lisiporudi, tendo huenda limefanyika mara moja, au halikufanyika kabisa, na mwitaji hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Baadaye mbinu hii iliingia katika programu za kuendeshea mashirika makubwa. Kampuni ya SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na ambayo mwaka 1992 ilitoa programu yake mashuhuri ya R/3, ina aina yake ya wito wa mbali, nayo hutumika hadi leo. Mifano mingi inayofuata imetokana na mazingira hayo.

Swali la kwanza: je, wito umefika?

Fundi anayetafuta chanzo cha hitilafu hana budi kuuliza maswali matatu kwa mpangilio, wala asilirukie la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

La kwanza ni kama wito umefika. Huenda anwani ya kompyuta inayoitwa imekosewa, au njia ya mtandao imefungwa, au neno la siri limepitwa na muda. Huenda pia jina ambalo programu hulitumia kuingilia halina ruhusa ya kuagiza tendo hilo. Aidha, si kila tendo limefunguliwa kwa wageni. Katika SAP mtunzi hulazimika kulitia alama kuwa laweza kuitwa kutoka nje. Jaribio la awali liwe la muunganisho mtupu, bila data yoyote. Likifaulu, tendo liitwe peke yake, kwa jina lile lile la kuingilia ambalo mkalimani hulitumia. Fundi akitumia jina lake mwenyewe, lenye ruhusa nyingi, atapata jibu zuri lisilomfundisha kitu.

Kosa jingine la kundi hili ni la muda. Ikiwa kila wito huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, oda yenye mistari 10 itakwisha kwa sekunde moja. Oda yenye mistari 1,000 itahitaji sekunde 100, na pengine mkalimani ameamriwa asisubiri zaidi ya 60. Mfumo uliofanya kazi vizuri wakati wa majaribio huanguka mwisho wa mwezi, oda zinapokuwa kubwa. Dawa yake si kurefusha muda wa kusubiri, bali kukusanya namba zote na kuziuliza kwa wito mmoja.

Swali la pili: je, wito umefahamika?

Wito waweza kufika salama usifahamike. Katika programu za SAP, namba ya bidhaa iliyo ya tarakimu tupu kwa desturi huhifadhiwa ikiwa imetanguliwa na sifuri hadi itimie nafasi 18. Karani akiandika 2750 kwenye skrini, programu huongeza sifuri 14 bila yeye kuona. Wito wa kutoka nje haupiti kwenye skrini. Ukipeleka 2750, waweza kujibiwa kuwa bidhaa hiyo haipo, ingawa karani anaiona mbele yake. Mabishano marefu kati ya ofisi mbili yametokana na sifuri hizo zisizoonekana.

Kosa hilo angalau hutoa jibu la kukataa. Lililo baya zaidi hutokea ndani ya ulinganishi wenyewe. Tuseme ghala kuu limepeleka taarifa ya mzigo wenye vitu vinne: parasetamoli inayokwisha muda Machi 2028, bandeji zisizo na tarehe, amoksilini inayokwisha muda Juni 2027, na maji ya dripu yanayokwisha muda Desemba 2029. Ulinganishi huunda safu mbili: ya majina, yenye vitu vinne, na ya tarehe, yenye tarehe tatu tu. Usipoambiwa kuacha nafasi tupu palipokosekana tarehe, safu ya pili husogea juu. Bandeji hupewa Juni 2027, amoksilini hupewa Desemba 2029, na dripu hubaki bila tarehe.

Hakuna kengele inayolia. Kila tarehe ni halali, na ujumbe hupokewa kwa alama ya kufaulu. Lakini katika vitabu vya hospitali amoksilini sasa yaonekana kuwa nzuri kwa miaka 2 na nusu zaidi ya muda wake wa kweli, na mgonjwa atakayepewa hana habari.

Hitilafu ya namna hii haitafutwi kwa kukisia. Fundi huchukua ujumbe ule ule ulioleta matatizo, akaupunguza hadi vitu viwili, akaangalia thamani zinazotoka katika kila hatua, kisha akaongeza kimoja kimoja. Hatua ambapo idadi ya tarehe inaachana na idadi ya majina ndipo penye ugonjwa. Hali kadhalika, ujumbe wa majaribio uwe na mapengo kwa makusudi. Ujumbe uliokamilika kila kipengele haujaribu chochote.

Swali la tatu: je, kazi imefanyika?

Hata wito uliofika na kufahamika si ushahidi kwamba kazi imetimia. Kwanza, jibu laweza kurudi bila hitilafu ya mtandao huku ndani yake mna maneno ya kukataa, mfano kwamba akiba haitoshi. Mkalimani asiyeagizwa kuyasoma ataripoti ushindi. Pili, katika SAP matendo mengi ya kuandika hayahifadhi chochote hadi itolewe amri ya pili ya kuthibitisha, tena katika kikao kile kile. Amri hiyo ikisahauliwa, oda hupewa namba yake, jibu jema hurudi, na kumbukumbu hufutika muunganisho unapokatwa.

Tatu ni lile fumbo la Birrell na Nelson. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Mtandao ukikatika baada ya oda kupokewa na kabla ya jibu kurudi, mkalimani husikia kimya kile kile ambacho angekisikia kama oda isingefika. Akirudia, huenda dawa zikatumwa mara mbili. Asiporudia, huenda zisitumwe kamwe. Suluhisho lililokubalika ni kuupa kila wito namba yake ya pekee na kuihifadhi upande wa pili. Wito ukirudiwa kwa namba ileile, mpokeaji hutambua kuwa ameshautekeleza, naye haufanyi tena.

Kwa sababu hiyo hiyo, wito ulio ndani ya ulinganishi uwe wa kuuliza tu, usiwe wa kuandika. Ujumbe uliokwama hurudishwa mwanzo ukalinganishwa upya, na kila wito uliomo huitwa tena. Kuuliza namba ya dawa mara mbili hakudhuru. Kuandika oda mara mbili ni jambo jingine.

Kwa hiyo alama ya kufaulu inayoonekana kwenye skrini ya mkalimani husema tu kuwa mkalimani amemaliza kusema. Kama aliyosema yalikuwa kweli, hujulikana kwa kulinganisha vitabu vya pande zote mbili. Na katika ghala la dawa, hujulikana kwa mtunza ghala kuinua chupa na kusoma tarehe iliyochapwa juu yake.