Kompyuta ilipogoma Namanga: mpenzi wa vifaa aeleza lini usasishe na lini usubiri

NAMANGA. Lori la vitunguu kutoka Mang'ola, wilayani Karatu, lilifika mpakani saa tisa alasiri likiwa na karatasi zote isipokuwa moja. Idadi ya magunia kwenye ankara haikulingana na ile iliyokuwa kwenye cheti cha uasili wa bidhaa. Ni kosa la tarakimu moja, la kurekebishwa kwa dakika tano. Mwenye mzigo alifungua kompyuta yake mpakato, akaiwasha upya kwa sababu ilikuwa nzito, na kioo kikageuka cha buluu chenye maandishi ya kumtaka asubiri na asizime mashine. Asilimia 4. Baada ya nusu saa, asilimia 11.

Wakala wake wa forodha alisubiri, kisha akaenda kwake. Lori likalala Namanga, na vitunguu vikalala chini ya turubai vikitoa jasho. Ilipofika saa nne usiku kompyuta iliwaka vizuri kabisa, ikiwa mpya ndani na haina wa kumfaa.

Mfanyabiashara huyo si mtu wa kuogopa mashine. Wenzake wa pande zote mbili za mpaka humpelekea simu na vishikwambi vyao kabla ya kwenda kwa fundi, na begi lake lina waya nyingi kuliko nguo. Ndiyo maana usiku ule ulimuuma. Anakiri kwamba kompyuta ilikuwa imemwomba ruhusa ya kusasisha kwa wiki tatu, naye kila mara alibonyeza kitufe cha kuahirisha. Mashine ikafika mwisho wa subira, ikachagua siku yenyewe.

Tangu hapo amejiwekea utaratibu, na anauhubiri kwa yeyote atakayekaa naye kwenye benchi la chai. Kusasisha ni kazi ya Jumapili, mzigo ukiwa umeshafika sokoni, umeme upo na betri imejaa. Siku ya kuvuka mpaka hakuna kifaa kinachoguswa.

Mama mmoja muuza mchele, aliyevuka Namanga tangu enzi za foleni mbili kabla ya kituo cha pamoja kuzinduliwa Desemba 2018, haoni haja ya utaratibu wote huo. Yeye amezima masasisho yote kwenye kishikwambi chake.

“Shikamoo mama. Hicho kishikwambi kitakuponza,” kijana alimwambia.

“Marahaba mwanangu. Wewe uliyesasisha ndiye uliyelala na lori, mimi nililala kwangu.”

Watu walicheka, na hoja ya mama haikuwa ya mzaha. Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani. Ndege zilikwama, hospitali na benki zikahangaika. Hao walikuwa watu wenye wataalamu wa kulipwa. Mama muuza mchele ana haki ya kuuliza kwa nini yeye akimbilie kila kinachosukumwa kwenye kifaa chake.

Jibu la kijana ni tukio la miaka saba kabla ya hapo. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Waliokuwa wamesasisha katika miezi ile miwili walikuwa na kinga. Kwa mfanyabiashara ambaye orodha ya wadaiwa, ankara na nakala za pasipoti ziko kwenye mashine moja, kufungiwa mafaili ni sawa na duka kuungua.

Kwa hiyo yeye hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna viraka vya usalama, ambavyo ni vidogo na hutoka kila mwezi: hivyo aweke ndani ya siku chache. Kisha kuna toleo jipya la mfumo mzima, linalobadilisha sura ya kila kitu: hilo alisubirie mwezi au miwili, wengine wavunje meno kwanza. Zima ya mama humkosesha vyote viwili, na hapo ndipo kijana hakubaliani naye.

Lipo pia suala la bando, ambalo ndilo hasa lililomfanya mama azime. Mpakani kifaa hukamata mtandao wa nchi ya jirani bila kuuliza, na sasisho la gigabaiti kadhaa likishuka kwa gharama za nje, salio la wiki huisha kabla ya chai kupoa. Dawa ipo na haihitaji kuzima kila kitu. Kwenye kishikwambi cha Android, chagua masasisho yapakuliwe kwa Wi-Fi pekee. Kwenye kompyuta ya Windows inayopata intaneti kutoka kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uuwekee alama kwamba ni wa kupimwa. Windows ikijua kuwa unalipia kila megabaiti, huacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho mpaka ukutane na mtandao mwingine. Wafanyabiashara wengi hawajui kitufe hicho kipo, ilhali kila siku wanaigawia kompyuta bando la simu.

Swali linaloulizwa zaidi kwenye benchi hilo, hata hivyo, ni la Windows 10. Mfumo huo ulitoka Julai 2015 na Microsoft ikakomesha huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na ndiyo sababu wengi walidhani ni uvumi. Kilichokoma ni viraka vya bure vya kila mwezi. Kampuni iliweka mlango wa pembeni wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa kawaida, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani au bila malipo kwa anayeunganisha mashine na akaunti yake na kuhifadhi mipangilio yake mtandaoni.

Kuhamia Windows 11 kunazuiwa na umri wa mashine. Mfumo huo unadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa kompyuta za Intel kwa ujumla unaanzia kizazi cha 8, yaani mashine zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Nyingi kati ya kompyuta za mtumba zinazouzwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Ni imara, zina kibodi nzuri, na hazipiti mtihani huo.

Wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa hila kwenye mashine hizo. Mpenzi huyu wa vifaa amejaribu, kwa sababu hawezi kuona kitu asikijaribu, na anasema huwaka na kufanya kazi. Lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na yeye haiwekei ankara zake. Kompyuta yake ya zamani aliipa mfumo wa bure wa Linux Mint, akaibadilishia diski kuu kuwa ya SSD, na sasa ndiyo ya stoo, kwa kuandika hesabu na kuchapa. Kabla ya kufanya hivyo alihakikisha tovuti anazozitumia zinafunguka humo. Mwenye programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa Windows pekee asimuige.

Anaongeza jambo ambalo wauzaji wa kompyuta hawalipendi. Mashine nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na nakala ya Windows ya kuibia, na fundi aliyeiweka amezima masasisho kwa makusudi ili nakala isigundulike. Mnunuzi huambiwa kuwa ni faida, haitamsumbua. Ndiyo mashine ileile anayoingilia kwenye akaunti ya benki na kutolea risiti za EFD, eTIMS au EFRIS kutegemea upande wa mpaka aliko.

Barabarani yeye hutumia kishikwambi. Kifaa hicho kimezoeleka kwa njia isiyotarajiwa: sensa ya Kenya ya 2019, zile za Tanzania na Rwanda za 2022 na ya Uganda ya 2024 zote zilitumia vishikwambi, kwa hiyo hata vijijini watu wamekiona mkononi mwa karani. Betri yake inamaliza siku, kamera inapiga picha za karatasi, na hakimalizi nafasi kwenye kiti cha basi.

Tatizo la vishikwambi ni kwamba huzeeka kwa mfumo kabla ya kioo kuvunjika. iPad Air 2 ya 2014 bado inang'aa madukani, lakini iliishia iPadOS 15. WhatsApp nayo, tangu mwaka 2025, haiendi kwenye vifaa vya Android vilivyo chini ya toleo la 5.0 wala iPhone zilizo chini ya iOS 15.1. Kabla ya kutoa pesa, yeye hufungua mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, na kutazama tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, hicho ni kifaa cha kutazamia katuni za watoto. Kwa mtumba wa ng'ambo hudai muuzaji akifute na kukiwasha upya mbele yake. Kikiomba nenosiri la mtu mwingine, au kikijitambulisha kuwa ni mali ya shule au kampuni fulani, hurudisha na kuaga.

Ukifika kwenye vikorokoro vyake, mtu huyu hanyamazi. Waya ndio ugomvi wake mkubwa. Ncha za USB-C zinafanana zote, lakini ndani kuna tofauti: baadhi hupeleka umeme tu na hazipitishi data, hivyo unachomeka kishikwambi kwenye kompyuta na hakionekani. Waya wa kawaida wa USB-C una mwisho wa wati 60, na unaozidi hapo huwa na chipu maalumu ndani ya ncha. Yeye hubeba miwili mifupi na minene, hununua kwa muuzaji mmoja, na huijaribu dukani kwa kuhamisha picha moja kabla ya kulipa. Tangu Ulaya ilipofanya USB-C kuwa lazima kwa simu na vishikwambi vipya mwishoni mwa Desemba 2024, anatarajia mtumba wa miaka ijayo utumie waya huohuo mmoja, na hilo humfurahisha kama mtoto.

Plagi ni hadithi nyingine, nayo ni ya Jumuiya yetu kabisa. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya miguu mitatu bapa ya Kiingereza. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au ukienda Burundi na Kongo, ukutani kuna matundu ya duara. Ushuru wa pamoja tunao, soketi ya pamoja hatuna. Mara ya kwanza alipolala Kigali alichajia kishikwambi chake mapokezi, karibu na mlinzi. Siku hizi ana adapta moja nzito. Zile nyepesi za bei ya andazi zilimtolea cheche.

Kadi za kumbukumbu hazinunui barabarani tena. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 512 inaweza kuwa na 16 halisi, ikadanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake na kufuta ya zamani kimyakimya kadiri unavyoijaza. Ipo programu ya bure, H2testw, inayoijaza kadi yote na kusoma tena ilichoandika. Huchukua saa kadhaa, na muuzaji mwenye kadi feki hatakuvumilia. Pawabenki kwa wanaosafiri kwenda Dubai ina masharti yake: Emirates, tangu Oktoba 1, 2025, huruhusu moja tu isiyofikia wati-saa 100, na haitumiki ndani ya ndege. Ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, inapita.

Kuna mama wengine waliovutiwa na maneno hayo wakataka kuacha mchele na kuuza kava na chaja. Kwao alikuwa na onyo moja. Cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Afrika Mashariki. Chaja iliyotengenezwa China haigeuki ya Uganda kwa sababu umeinunua Kampala. Ofisa wa forodha ataihesabia ushuru, hata kama begi ni dogo.

Jumapili iliyofuata mama muuza mchele alimletea kishikwambi chake, pamoja na mfuko wa mchele kilo mbili, akisema hajakubali lakini akitazame tu. Kiraka cha mwisho kilikuwa cha 2022. Kijana alinakili kwanza picha na daftari la madeni kwenye flashi, akaunganisha Wi-Fi ya mgahawa, akabonyeza. Mama alikaa pembeni na daftari la karatasi mapajani, akinakili majina ya wadaiwa wake kwa kalamu, mmoja mmoja, huku asilimia zikipanda.