Alama Zinapotoweka Baada ya Programu Kusasishwa

Programu ya kusimamia mitihani ni ile inayotunza orodha ya watahiniwa, alama za kila somo na hatua iliyofikiwa katika kuziingiza. Mwalimu wa taaluma wa shule ya Musoma au Bunda anapokuta, baada ya toleo jipya kuwekwa, kwamba alama za mtihani wa utamilifu hazionekani, jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba kutoonekana si kufutika, kwa kuwa mara nyingi kilichokatika ni njia ya kuzifikia.

Njia hiyo hukatika kwa namna kuu mbili. Ya kwanza inahusu mahali pa kuhifadhia: alama zilizothibitishwa huingia katika hifadhidata, yaani ghala lenye mpangilio maalumu, ilhali zile ambazo hazijakamilishwa huweza kubaki katika kumbukumbu ya muda ya kivinjari, ambayo toleo jipya huweza kuisafisha, na hizo za muda ndizo ngumu kurejesha. Ya pili inahusu ufunguo, yaani namba inayomuunganisha mtahiniwa na alama zake. Namba hiyo ikibadilika, alama hubaki ghalani bila mwenyewe.

Katika Mkoa wa Mara hatari hiyo ya pili inaeleweka kwa urahisi. Namba ya shule ya msingi katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huanza na herufi PS na kufuatiwa na tarakimu saba, ambazo nne za kwanza huonyesha mkoa na halmashauri. Halmashauri zinapogawanywa, kama Butiama ilivyomegwa kutoka Musoma Vijijini na Mji wa Bunda ulivyotengwa na halmashauri ya wilaya, programu inayotegemea namba ya shule pekee huweza kuiona shule ileile kuwa ngeni. Namba ya mwanafunzi katika mfumo wa PReM wa NECTA, ambayo humfuata hata anapohama shule, ni ufunguo imara zaidi.

Hata hivyo, kufutika kabisa kunawezekana. Toleo la Windows 10 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilisitishwa na Microsoft siku chache baadaye, kwa sababu kwa baadhi ya watumiaji waliohamishia nyaraka zao mahali pengine lilifuta folda ya zamani pamoja na mafaili yaliyosalia humo, likiichukulia kuwa ya ziada.

Kwa hiyo, kosa kubwa baada ya alama kutoweka ni kuziingiza upya papo hapo, maana maingizo mapya huweza kuandikwa juu ya yale ya zamani ambayo bado yangepatikana; kazi isimame, mafaili yote yanakiliwe kama yalivyo, kisha fundi atafute. Kinga yenyewe huanza kabla ya kusasisha: alama zitolewe katika jedwali la Excel, nakala rudufu ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo na ijaribiwe kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na idadi ya watahiniwa pamoja na jumla ya alama za kila somo viandikwe ili vilinganishwe baadaye. Hesabu zisipolingana, shule irejee toleo la zamani, na nakala hiyo isifutwe hadi matokeo yatakapotangazwa na malalamiko yote kushughulikiwa.